Bei moja kwa bidoni zote ndiyo inaharibu kasiksi yetu



Katika jarida hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea, mmomonyoko wa udongo na bei ya maharagi. Leo tunaongea juu ya kasiksi. Tunajua kuna wenye watakunja uso. Mzee mmoja, mushauri wa kooperative moja ya Kabare, alikwisha kutuambia: «Gazeti ya kilimo kuandika juu ya pombe, hiyo iko haya.» Tulimusikiliza kwa heshima, juu ni mkubwa wetu. Lakini tulimuuliza swali moja: mzee, ile migomba yenye kuzunguka nyumba yako, ndizi zake zinaenda wapi? Alicheka, akatazama chini.

Zinaenda kwenye mutumbwi wa kukamulia. Katika milima ya Kabare, Walungu na Kalehe, na kule kisiwani Idjwi, kuna migomba mingi sana ambayo mwenyewe aliipanda kwa sababu ya pombe tu. Kasiksi ndiyo inalipa minervali ya watoto, inarudisha deni ya AVEC, inaingia katika likilimba kila juma. Na wenye kuitengeneza na kuiuza ni akina mama zaidi. Jambo lenye kulisha nyumba nyingi hivyo ni kilimo, hata kama linanukia pombe. Tukilinyamazia, hakuna mtu atakunywa kidogo zaidi. Ila mama atauza kwa bei mbaya zaidi.

Maoni yetu ni haya: kooperative yenye kuuza kasiksi bila kuionja pamoja, na yenye kulipa bei moja kwa bidoni zote, inajiua yenyewe pole pole. Tutaeleza vile tulifika kwenye maoni hayo.

Siku ya bidoni saba

Kiangazi kilichopita tulitembelea kooperative moja ya Kabare. Hatutaitaja jina, juu wangali katika kutengeneza mambo yao. Malalamiko yao yalikuwa moja: wanunuzi wanapungua. Wenye buvette waliokuwa wanakamata bidoni kumi kwa juma, sasa wanakamata tatu. Komite ilisema kosa ni la barabara. Ni kweli, barabara ni mbaya. Lakini sisi tuliwaambia: mbele ya kushitaki barabara, tuonje kwanza kile chenye kupita juu yake.

Akina mama saba wakaleta kila mmoja bidoni ya litre 20, vile vile wanaleta siku ya soko. Sekretere akabandika karatasi yenye namba, moja mpaka saba, na majina akayaandika katika daftari akalifunga. Waonjaji walikuwa watano: mama wawili wenye kujua kazi lakini hawakuleta kitu siku ile, baba mmoja mwenye buvette, moniteri wa kilimo, na mmoja wetu. Kukawa na mama wa sita, mtu wa kanisa, ambaye hanywi. Huyu alisema: «Miye sitakunywa, lakini pua yangu haijabatizwa, itanusa.» Watu wakacheka, akapewa kiti.

Bidoni ya kwanza ilikuwa ingali tamu. Sukari ya ndizi ilikuwa mbele, povu kidogo, harufu ya ndizi mbivu. Ilikuwa imelala usiku mmoja tu. Kuna watu wengi wenye kuipenda hivyo. Lakini mwenye buvette alitikisa kichwa: pombe kama hii ingali inachemka yenyewe ndani. Ukiifunga kabisa na kuipandisha juu ya piki-piki, inavimba, na kifuniko kinaruka. Alikwisha kusafisha plafo ya nyumba yake mara moja, hataki ya pili.

Bidoni ya pili ilikuwa na mtama mwekundu uliokaangwa na kusagwa. Rangi yake ilikuwa kama udongo wa kilima, harufu kama mukate wenye kutoka kwenye moto, na mwishoni uchungu kidogo wenye kusafisha mdomo. Hapa waonjaji wote watano waliomba tena. Mama mmoja alisema hiyo ndiyo kasiksi ya ndoa.

Bidoni ya tatu ilikuwa imegeuka siki. Hilo linatokea pombe iliyokwisha kuchacha ikibaki wazi ikipigwa na hewa, ao mutumbwi ukikosa kusuguliwa, na masira ya pombe ya zamani yakabaki katika nyufa za mbao. Mama yule alikuwa na ndizi nzuri. Alikosa brosi na kifuniko.

Ya nne tutairudilia.

Ya tano ilikuwa na sukari ya dukani. Ilipiga pua kwa nguvu, lakini ndani ya mdomo hakukuwa kitu. Ndizi zilikuwa kidogo, mwenyewe akajaza na sukari na maji ya moto. Inalevya, ndiyo, lakini kilo ya sukari ni mali ya duka, haikutoka katika shamba lake. Ukihesabu vizuri, faida inakwenda kwa mwenye duka.

Ya sita, hakuna mwonjaji aliyeigusa. Yule mama wa kanisa aliweka pua, akaiondoa haraka, akasema: «Hii iko na petroli.» Ilikuwa kweli. Bidoni ilikwisha kubeba mazuti zamani. Ilioshwa mara nyingi, na majivu, na omo, na mchanga, lakini plastiki hainusi leo na kusahau kesho. Kasiksi yote ya siku tatu za kazi ilimwangwa nyuma ya depo. Mwenye bidoni hakuwa hata na habari. Aliazima kwa jirani.

Ya saba ilikuwa na ukakasi. Ilivuta ulimi kama vile umetafuna ganda la ndizi mbichi. Tulifahamu kwamba ndizi hazikuiva vizuri shimoni. Kwa nini? Mwenyewe alieleza baadaye: ugonjwa uliingia katika migomba yake, akaogopa kupoteza yote, akakata mikungu mbele ya wakati wake. Tutarudi kwa jambo hili pia, juu ni kubwa kuliko pombe.

Maneno ya mama wa nne

Sasa ya nne. Ilikuwa maji. Kulikuwa na ndizi nzuri ndani, mtu mwenye kujua kazi alikuwa ameitengeneza, na juu ya kazi hiyo nzuri mtu alimwanga maji mengi. Mama mmoja mwonjaji alisema: «Hii iko maji yenye inakumbuka ndizi.» Watu wakacheka sana.

Sekretere alipofungua daftari, kicheko kikaisha. Jina lilikuwa la mama ambaye kila mtu katika kooperative alimujua kama mtengenezaji wa kwanza. Ndiye alikuwa amefundisha nusu ya wengine. Rais wa komite akamwangalia kwa haya. Yeye hakuinamisha kichwa. Alisimama, akasema hivi, na tuliandika maneno yake vile aliyatoa:

«Munanijua. Mama yangu alikuwa natengeneza kasiksi, bibi yangu vile vile. Lakini hapa depo, bidoni yangu iko na bei sawa na bidoni ya yule mwenye kutia maji. Mikikamua, minapata litre kumi na tano za muzuri, minakula bei ya kumi na tano. Mwenzangu anaongeza litre tano za kisima, anakula bei ya makumi mbili. Miaka mbili nilivumilia. Sasa munipe akili: ni nani ananilipa zile tano?»

Hakuna mtu aliyejibu. Sisi nasi hatukujibu, juu swali lilikuwa letu pia. Katika mafundisho yetu ya miaka yote tulisema: leteni pamoja, uzeni pamoja, bei iwe moja, muungano ni nguvu. Tulikuwa tunawaza kilo ya maharagi, yenye unaweza kupima kwa mizani na kupepeta kwa macho. Hatukuwaza kitu chenye ubora wake unajulikana tu kwa ulimi.

Angalieni vile bei moja inafundisha watu. Kwanza yule mwenye kufanya vizuri anapoteza. Akipoteza siku nyingi, anafanya moja ya mambo mawili: anaanza kutia maji kama wengine, ao anatoka na kuuza peke yake nyumbani. Katika depo inabaki pombe ya maji. Mnunuzi, ambaye hajui ni bidoni gani nzuri na gani mbaya, anapunguza bei ya zote ili asidanganywe. Bei ikishuka, yule mwingine aliyekuwa angali anajikaza naye anatoka. Hakuna mwizi hapa, hakuna mtu mbaya. Lakini mwishoni hakuna kasiksi. Kosa la mama wa nne ni lake, hatumuondolei. Ila komite ndiyo iliyomupa mafundisho.

Chupa inatushinda kwa nini

Watu wanasema kasiksi inashindwa na pombe ya chupa juu vijana wanapenda vya kizungu. Tunaona jambo si hilo. Kiwanda cha Léopoldville kilianza mwaka wa 1923, na chupa za kwanza za Primus zilitoka mwaka wa 1926. Kiwanda cha Bukavu kilikuja mwaka wa 1950. Wakati huo wote kasiksi ilikuwa kwenye ndoa zetu, kwenye kilio, kwenye kupatanisha watu wenye kugombana, na ingali hapo. Haikufa. Ladha yake watu wanaijua na wanaitaka.

Kitu chenye chupa inatushinda ni kimoja: ukiifungua leo ao juma lijalo, ni ile ile. Mwenye buvette anajua kile anachonunua. Na hiyo haikuja kwa bahati. Katika kiwanda kuna watu ambao kazi yao ni kuonja na kupima, na kile kilichoharibika hakitoki mlangoni. Sisi tunaweza kukosa mashini, chupa na kamiyo. Ulimi tuko nao. Hatuutumiki.

Namna na kosa ni vitu viwili

Hapa tunaomba mutusikilize vizuri, juu kuna komite zenye zitakimbilia kusema: basi tuweke kasiksi ya namna moja tu, wote watengeneze sawa. Hapana. Siku ile tulionja namna nyingi nzuri: ile tamu ya usiku mmoja, ile ya mtama. Kuna wazee wenye kutaka ile ya siku tatu, yenye imeanza kukauka na kushika uchungu. Kuna mutobe, yale maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo na ambayo hayajachacha, yenye hata mwenye kukataa pombe anaweza kununua. Hizo ni namna, na kila namna iko na mnunuzi wake. Siki, maji ya kisima, petroli na ukakasi ni makosa, na kosa haliko na mnunuzi isipokuwa yule uliyemudanganya mara moja.

Ndugu zetu wa Haut-Katanga wanafahamu jambo hili katika munkoyo. Uji wa mahindi unapikwa, unapoa, wanatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na mizizi hiyo inageuza wanga wa mahindi kuwa tamu na maji-maji. Siku ile ya kwanza ni kinywaji cha kila mtu, hata mtoto. Ukiiacha siku zinazofuata, inakuwa pombe. Chungu ni kimoja, lakini siku ndiyo inabadilisha jina. Kwa hiyo mwenye kununua anapashwa kuuliza ni ya leo ao ya juzi, na mwenye kuuza anapashwa kujibu kweli. Kasiksi yetu inataka ukweli huo huo: juu ya bidoni iandikwe siku iliyokamuliwa, na kama iko na mtama ao hapana. Kalamu moja na kipande cha karatasi, basi.

Ulimi unarudi mpaka shambani

Tulisema tutarudi kwa bidoni ya saba. Tangu mwaka wa 2001, mnyauko wa migomba, ule tunaouita BXW, ulipoonekana Masisi, umekwisha kushuka na kuingia katika mashamba mengi ya Kivu Kusini. Unajua dalili zake: majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na si zote pamoja, ukikata ndizi ndani unaona rangi ya kahawia, ukikata mgomba unatoa usaha wa manjano. Hauna dawa ya kupuliza. Na migomba ya pombe, sana ile ya kayinja, inaukamata kwa urahisi kupitia ua, juu wadudu wanatembelea ua la mgonjwa na kisha ua la mzima.

Sasa mama mwenye migomba inayougua anafanya nini? Anakata haraka, anachanganya, anakamua, anauza. Tunamufahamu, ni minervali ya watoto. Lakini kooperative yenye kuonja ingeujua ugonjwa huo siku ile ile, katika bidoni ya saba. Yenye haionji itaujua wakati kilima chote kimekauka. Kwa hiyo kuonja si anasa. Ni macho mengine ya moniteri.

Na mwonjaji akipata ukakasi wa namna hiyo, asimwambie mama «pombe yako ni mbaya» na kumuacha. Watu waende kwake kwa salongo. Waondoe mgomba ulio mgonjwa. Wavunje ua la dume kwa kijiti chenye panda, pasipo panga, mara tu safu ya mwisho ya ndizi ikikwisha kutoka. Panga ikigusa mgomba mgonjwa, ipitishwe katika moto mpaka iwe moto sana, ao ioshwe na Jik, mbele ya kugusa mwingine. Na majani ya migomba yenye kuugua yasitumiwe kufunika shimo la kuivishia wala kufunga mikungu ya kupeleka kwa soko, juu ndivyo ugonjwa unasafiri bila tiketi.

Kwa wenye kutupinga

Wa kwanza wanasema: pombe inabomoa nyumba. Ni kweli, na tumeona hayo kwa macho. Hatuandiki hapa ili mtu anywe zaidi. Tunasema mtoto asipewe, asipelekwe kuuza, na mama mwenye mimba asiwe mwonjaji. Tunasema mtama wa chakula ubaki chakula. Katika miezi ya njaa, kukaanga mtama kwa ajili ya pombe wakati watoto wanalala bila kula ni kosa kubwa kuliko maji ya kisima. Na juu ya kanyanga ao lutuku, zile zenye kupikwa na kupitishwa kwenye mrija, maneno yetu ni mengine kabisa: pombe ya namna hiyo ikipikwa vibaya inaweza kubeba metanoli, sumu yenye kupofusha macho na kuua, na ulimi hauwezi kuitambua. Kuonja hakusaidii hapo. Kooperative isiiguse.

Wa pili wanasema: sisi ni watu wa Mungu, hatuwezi kukaa kwenye kiti cha mwonjaji. Hatuwalazimishi. Lakini mukumbuke ni pua ya nani iliyookoa watu na bidoni ya sita.

Wa tatu, na hawa ndio tunawaogopa zaidi juu wako na haki kidogo, wanasema: bei mbili zitaleta wivu, kooperative itapasuka. Wivu utakuja, hatutawadanganya. Lakini wivu uliokuwako katika kimya cha mama wa nne, miaka mbili, ulikuwa unapasua kooperative vile vile, ila kwa ndani. Afazali wivu wenye uko na daftari, na wenye uko na njia ya kupanda kutoka bei ya chini mpaka ya juu, kuliko ule wenye hauna mlango.

Namna ya kufanya

Tunapendekeza hivi, na kila kooperative ibadilishe kulingana na fasi yake.

Waonjaji wawe watano, wabadilishwe kila mwezi, na mtu asionje siku ambayo yeye ao ndugu yake ameleta bidoni. Mmoja wao awe mnunuzi, mwenye buvette ama mchuuzi, juu yeye ndiye anajua soko.

Bidoni ziwe na namba, majina yabaki katika daftari lililofungwa mpaka mwisho.

Kazi ifanywe asubuhi, mbele ya watu kula pilipili na kuvuta tumbako. Kikombe cha mtu ni kimoja, cha kioo kama kiko, na maji safi ya kuosha mdomo. Kunywa ni kidogo, na kutema kunaruhusiwa. Mwonjaji aliyelewa ametoka katika kazi.

Waangalie mambo manne, kwa mpango huu: macho, pua, mdomo, kesho. Macho: rangi, povu, takataka. Pua: siki, petroli, moshi. Mdomo: utamu, uchungu, maji, ukakasi. Kesho: nusu chupa ya kila bidoni iwekwe kivulini, kifuniko kisibanwe, na ionjwe tena siku inayofuata. Kasiksi ni kitu cha siku chache. Ile yenye kusimama mpaka kesho ndiyo mwenye buvette anatafuta.

Bei ziwe mbili, si zaidi, ili hesabu iwe rahisi. Yenye kosa kubwa irudishwe, na mwenyewe aambiwe kosa na dawa yake, pembeni, bila kumuaibisha mbele ya watu.

Bidoni zinunuliwe na kooperative, mpya, na zisitoke kubeba kitu kingine chochote. Hiyo ni pesa, tunajua. Lakini hesabuni bei ya bidoni moja ya kasiksi iliyomwangwa, mutaona.

Na jambo la mwisho, lile gumu. Bei ya juu itoke wapi kama soko halijaikubali bado? Katika ile kooperative ya Kabare komite iliketi mpaka jioni juu ya swali hilo. Waliamua kwamba mwezi wa kwanza kesi ya kooperative ndiyo itaongeza robo ya bei kwa bidoni nzuri, na wenye buvette wataonjeshwa bure mbele ya kununua. Ni pesa ya wote, na inaweza kupotea. Wanachama wengine walipiga kelele. Sisi tunaona komite ilifanya vizuri. Kwa miaka mbili ni mama mmoja aliyekuwa analipa peke yake bei ya kazi nzuri. Ni haki sasa wote walipe mwezi mmoja.

Juma lililofuata mama wa nne alileta bidoni yake. Haikujaa, ilikuwa na litre 15, na chini kabisa ya shingo aliandika kwa makaa siku ya kukamua. Rais aliuliza kama ni zote. Alijibu: «Ni zote. Na hizi tano zenye hazimo, munajua sasa ni za nani.»

Ndugu wasomaji, kwenye mkutano wenu unaokuja, wekeni namba juu ya bidoni, fungeni daftari, muonje. Kisha mutuandikie mulichokikuta, hata kama ni siki. Tutakichapisha katika namba inayofuata, bila majina.